Hizo Mikroglia Zimeamshwa na Nini? Kwa Mnaoanza Kazi ya Panya wa Parkinson

Slaidi ile ile imerudi tena. Ni kipande cha ubongo wa kati wa panya kilichotiwa rangi ya Iba1 (protini inayoonyesha mikroglia, seli za kinga za ubongo), na ndani yake kuna mstari mweusi ulionyooka, unashuka kutoka juu mpaka karibu na substansia nigra, eneo lenye neva za dopamini zinazokufa kwenye Parkinson. Chini ya picha mwanafunzi ameandika kwa furaha kwamba 6-OHDA, sumu inayoua neva hizo, imeleta inflamesheni kubwa. Wadogo zetu, ule mstari ni njia ya sindano. Mikroglia zilizojazana pale zimekuja kuziba kidonda mlichokitoboa kwa chuma, na zingekuja hata kama mngedunga maji ya chumvi matupu. Kila kundi jipya linaloingia maabara hapa Dodoma linakuja na slaidi hii, pamoja na makosa mengine yaliyo ndugu zake. Tumeona tuyaandike mahali pamoja, maana inauma kumwona mtu mwenye bidii anarudia jaribio la miezi 6 kwa jambo ambalo angeambiwa asubuhi moja likaisha.

Hatutawafundisha Parkinson ni nini. Mnajua kwamba mwaka 1988 McGeer na wenzake walionyesha mikroglia zenye HLA-DR (alama ya seli za kinga zilizoamka) kwenye substansia nigra ya wagonjwa waliofariki, na kwamba mwaka 1999 Langston na wenzake walizikuta bado zimeamka kwenye bongo za watu waliopata MPTP, sumu inayoleta dalili za Parkinson, miaka mingi kabla ya kufa. Mnajua pia kwamba eneo hili lina mikroglia nyingi kuliko kwingine: kwa panya mdogo (yule wa Kiingereza mouse; panya mkubwa ni rat) ni kama 12% ya seli zote, wakati gamba la ubongo lina kama 5%. Kwa hiyo jambo lenyewe lipo na lina uzito. Tunasema inflamesheni kwa makusudi. Ukisema uvimbe, msikilizaji anadhani ubongo umefura, na hapa hakuna kilichofura. Ni seli zimebadilika umbo, zimenenepa, zimekata matawi yake na kuanza kutoa sitokini, protini ambazo seli za kinga hupashana habari nazo.

Swali ni moja, libandikeni juu ya benchi: hizi mikroglia zimeamshwa na nini? Na sumu yenyewe? Na sindano? Na mabaki ya bakteria kwenye chupa? Na neva zinazokufa kwa sababu nyingine? Na vidonda vya mgongoni kwa sababu madume yameng'atana usiku? Jaribio zuri ni lile linaloondoa majibu haya moja moja mpaka libaki unalolitafuta.

1. Upasuaji wa bandia si jambo la hiari. Mnahitaji makundi matatu: panya wasioguswa, panya waliodungwa kimiminika kitupu, na panya waliodungwa sumu. Kundi la katikati linapata kila kitu sawa: dawa ya usingizi ile ile, tundu lile lile kwenye fuvu, sindano ile ile, ujazo ule ule, dakika zile zile mezani. Kwa 6-OHDA kimiminika hicho ni saline yenye asidi askobiki 0.02%. Wengi wanadunga saline peke yake, na hapo tayari makundi yametofautiana kwa mambo mawili.

Sindano ya geji 26 inachana tishu. Tumieni geji 30 hadi 33, au kapilari ya kioo iliyovutwa. Mwendo uwe 0.5 µl kwa dakika au chini ya hapo. Ukimaliza, iache sindano palepale dakika 5, kisha ipandishe polepole, la sivyo sumu inarudi juu kwa njia ile ile na kuunguza sehemu ambazo hukuzikusudia. Mnapopima Iba1, pimeni pembeni mwa njia ya sindano kwa umbali mmoja kwa panya wote, na umbali huo uandikwe kabla hamjaona picha.

Kuhusu 6-OHDA yenyewe: suluhisho ambalo halijaharibika halina rangi. Likianza kuwa la pinki limeanza kuoksidika, likifika rangi ya chai ya rangi limekwisha. Litengenezeni asubuhi ya upasuaji, lifungeni kwa karatasi ya aluminiamu, liwekeni kwenye barafu, na kila panya kadhaa mlitazame kwenye mwanga. Sumu iliyooza nusu ndiyo inayodanganya vibaya zaidi: inaua neva chache, kidonda cha sindano kinabaki pale pale, na wewe unaandika kwamba inflamesheni ilitangulia kufa kwa neva. Tena angalieni chupa imeandikwa nini. 8 µg za 6-OHDA tupu ni kama 11.8 µg za chumvi yake ya haidrobromaidi. Ukipima chumvi ukidhani ni dawa tupu, umepunguza dozi kwa theluthi nzima.

Vipimo vya atlasi ya Paxinos na Watson vinatokana na panya mkubwa dume wa aina ya Wistar wa kama gramu 290. Panya wa gramu 190 ana fuvu lingine. Mchukueni panya aliyekwisha kufa wa uzito wenu, mdungeni 1 µl ya wino, kateni ubongo papo hapo, mwone wino umetua wapi. Na kabla ya kutoboa, bregma na lambda (sehemu mbili za juu ya fuvu mifupa inapokutana) ziwe usawa mmoja. Tofauti isizidi milimita 0.1.

2. Otoklevu haiondoi endotoksini. Inaua bakteria, lakini maganda yao yanabaki na LPS yake nzima (LPS ndiyo hiyo endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria), na LPS ndiyo kitu mikroglia zinachokichukia kuliko vyote. Vyombo vya kioo viokwe kwenye ovu kavu nyuzi 250 kwa dakika 30. Plastiki zinunuliwe zilizothibitishwa hazina pairojeni, yaani vitu vinavyoleta homa. Saline msichemshe wenyewe. Tumieni chupa ya 500 ml ya kuwekea wagonjwa dripu, ni ya bei ndogo na imepimwa. Ifungueni kwa jaribio moja kisha itupeni, isikae kwenye friji wiki 2 ikichomwa sindano kila siku.

Hapa wanaotumia alfa-sinuklini, protini inayoshikamana kuwa nyuzi ndani ya neva za Parkinson, wasikilize kwa makini. Ile protini inatengenezwa ndani ya E. koli, kwa hiyo inatoka ikiwa imepakwa LPS. Mkiidunga kwenye straiatamu (eneo ambako neva za nigra humwaga dopamini) na kuona mikroglia zimewaka siku ya tatu, hamjui mmeona kazi ya nyuzi za sinuklini au ya bakteria. Pimeni endotoksini kwa kipimo cha LAL kabla ya kugusa panya, na kontroli yenu iwe monoma (protini moja moja isiyo nyuzi) ya sinuklini kutoka kundi lile lile la utengenezaji, siyo bafa. Nyuzi zenyewe zikatwekatwe kwa sonikesheni mpaka ziwe fupi, na siku hiyo hiyo zidungwe. Nyuzi ndefu haziingii kwenye seli, na panya wanakaa miezi 6 bila kuonyesha lolote.

3. Dawa ya mmea inayotolewa kabla ya MPTP. Hili tunaliandika kwa uchungu, kwa sababu sisi tuliotangulia tumelifanya wenyewe, na lilipita mbele ya macho mengi bila kukamatwa. Msilichukulie kijuujuu.

Mpango huwa hivi. Mwanafunzi ana mmea wa kwao, mzizi au magome ambayo wazee wanawapa watu wanaotetemeka. Anasaga, analoweka kwenye ethanoli, anakausha, anapata unga wa kahawia. Anawapa panya wadogo wa aina ya C57BL/6, madume wa wiki 10, unga huo kwa mdomo siku 7. Siku ya nane anadunga MPTP mara 4, 20 mg/kg kila baada ya saa 2, huku dawa ikiendelea. Siku ya kumi na tano anakata bongo. Kundi lililopata MPTP peke yake: neva zenye TH (kimeng'enya cha kutengeneza dopamini) zimepungua sana, Iba1 bado iko juu. Kundi lililopata mmea: neva zipo, mikroglia zimetulia. Grafu inapendeza. Kichwa cha tasnifu kinajiandika chenyewe: mmea fulani unatuliza inflamesheni ya ubongo na kulinda neva za dopamini.

Sasa rudini kwenye kemia mnayoijua. MPTP yenyewe haiui kitu. Inavuka kizuizi cha damu na ubongo, inaingia kwenye astrosaiti (seli zinazozitunza neva), na humo kimeng'enya MAO-B kinaigeuza kuwa MPP+. MPP+ ndiyo inayobebwa na kisafirishaji cha dopamini mpaka ndani ya neva, na ndiyo inayoziba kompleksi I ya mitokondria. Mmea ukizuia MAO-B, MPP+ haitengenezwi. Ukiziba kisafirishaji cha dopamini, MPP+ haiingii. Neva hazifi, na neva zisipokufa mikroglia hazina sababu ya kuamka. Kwa hiyo ulichokiona kwenye Iba1 ni matokeo ya sumu kukosekana. Mmea haukutuliza inflamesheni yoyote, kwa sababu inflamesheni haikuwahi kuwashwa. Na mgonjwa wa Parkinson hakunywa MPTP jana. Kuzuia igeuke hakumsaidii kwa njia unayoidai.

Kuzuia MAO-B si jambo la nadra kwenye mimea. Viambata vya moshi wa tumbaku vinaizuia, na baadhi ya flavonoidi huzuia vimeng'enya vya MAO kwenye tyubu. Unga wa magome una viambata vya kila aina, na hamkuvitenganisha. Kudhani hakuna hata kimoja kinachogusa MAO-B ni kubahatisha.

Tulipoulizwa swali moja tu, "mlipima MPP+?", hatukuwa na jibu. Kazi yote ilikuwa safi: uzito wa panya umeandikwa kila siku, vipande vimekatwa vizuri, makundi yamefichwa kwa mhesabuji. Kilichokosekana ni panya 12 na siku moja. Hiyo ndiyo sehemu inayouma, kwamba dawa ya kosa hili ni ndogo hivyo na inatakiwa iwepo mwanzoni. Baada ya bongo kukatwa siku ya kumi na tano, MPP+ imeshatoka mwilini zamani na hakuna tishu ya kurudi kuipima.

Fanyeni hivi. Tengeni panya 6 wa MPTP na 6 wa MPTP na mmea, wapeni dawa siku zile zile 7, kisha MPTP sindano moja tu. Dakika 90 baadaye muwaue, mtoe straiatamu pande zote mbili juu ya barafu ndani ya dakika 2 au 3, mpime uzito wa tishu, mgandishe kwenye naitrojeni ya maji. Baadaye tishu inasagwa kwenye asidi pakloriki 0.1 M, inazungushwa kwenye sentrifugi, na maji ya juu yanasomwa kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) kwa mwanga wa nanomita 295. Kama maabara yako haina HPLC, sampuli zikigandishwa vizuri zinasafiri kwenye barafu kavu hadi ilipo. Ukikuta MPP+ iko sawa kwenye makundi yote mawili, sasa una haki ya kuendelea. Ikiwa imeshuka kwenye kundi la mmea, huenda umegundua kizuizi cha MAO-B, ambacho pia ni ugunduzi, lakini tasnifu ni nyingine.

Njia ya pili ni kuanza dawa baadaye: saa 24 baada ya sindano ya mwisho ya MPTP. Kufikia hapo MPP+ imeshatengenezwa na sehemu kubwa imeshaondoka kwenye straiatamu, na mikroglia ziko kwenye kilele chake. Ukizituliza hapo, umezituliza kweli. Wanafunzi hawaipendi njia hii kwa sababu matokeo yanakuwa madogo. Ni kweli yanakuwa madogo. Ni bora tofauti ndogo inayosimama.

Njia ya tatu ni kuupeleka mmea huo huo kwenye modeli isiyo na MAO-B ndani yake, yaani LPS: 2 µg kwenye 2 µl, juu kidogo ya substansia nigra ya panya mkubwa. Dawa ikituliza mikroglia kweli, ionekane na huku pia. Hapa mpeni dawa kwa mdomo. Kwenye modeli ya LPS ya kudunga tumboni kuna mtu hudunga mmea tumboni na LPS tumboni, vikakutana mle mle kabla ya kufika popote, akaandika kwamba ubongo umelindwa. Tena unga uliosagwa kwenye kinu na kukaushwa mezani una bakteria, na ukiudunga siku 7 mfululizo unampa panya dozi ndogondogo za endotoksini. Mwili unazizoea. LPS kubwa ikija siku ya nane, mwitikio unakuwa mdogo, na mmea unasifiwa kwa kazi iliyofanywa na uchafu wake.

Wanaofanya kazi na mbegu za upupu wana mtego wa ziada. Upupu una levodopa. Panya atatembea vizuri zaidi kwenye kila kipimo cha mwendo kwa sababu umempa dawa ya Parkinson, na hilo halisemi chochote kuhusu mikroglia. Wekeni kundi la levodopa yenye kiasi sawa na kilichomo kwenye mbegu, mlinganishe.

Na hata mkizituliza mikroglia kihalali, msirukie kusema neva zimepona. Minosaiklini ni mfano wa kukaa nao. Mwaka 2001 na 2002 ilionekana kulinda neva za panya wadogo waliopewa MPTP. Mwaka 2003 kundi jingine likaripoti kwamba mikroglia zilitulia vizuri lakini neva zikafa zaidi. Kwa hiyo hesabuni vyote viwili, mikroglia na neva, kwa panya yule yule.

4. Saa ya kukata ubongo. Kwa MPTP ya mara 4 kwa siku moja, mikroglia zinafika kilele siku ya kwanza au ya pili, na kufikia siku ya 7 zimetulia kwa sehemu kubwa. GFAP, alama ya astrosaiti, inachelewa na inabaki wiki kadhaa. Hesabu ya neva za TH inatulia kuanzia siku ya 7. Maana yake siku moja haiwezi kukupa yote, na ukikata siku ya 21 ukakuta Iba1 ya kawaida usiseme modeli yako haina inflamesheni. Umefika sherehe imekwisha. Kwa nyuzi za sinuklini mambo yanakwenda polepole: kwa panya wakubwa mikroglia zenye MHC-II (alama nyingine ya kuamka) zinajaa karibu mwezi wa pili, neva zinapungua mwezi wa 5 hadi wa 6. Pangeni siku mbili za kukata angalau, na ziombeeni kibali tangu mwanzo, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiwaruhusu kuongeza panya kienyeji.

Hesabu ya dozi ya MPTP pia iandikwe wazi. 20 mg/kg ya MPTP tupu ni kama 24.2 mg/kg ya chumvi ya haidrokloraidi. Na panya wakubwa msiwadunge MPTP kabisa. Hawaumwi nayo inavyotakiwa.

5. Dawa ya maumivu. Meloksikamu, ketoprofeni na ndugu zao zinapunguza inflamesheni, na hata ketamini ya usingizi inagusa sitokini. Kuna wanaofikia uamuzi wa kutowapa panya dawa ya maumivu ili "data iwe safi". Hapana. Panya aliyetobolewa fuvu anaumia, na maumivu yenyewe yanapandisha homoni za msongo zinazobadilisha kinga. Tumieni buprenofini 0.05 mg/kg kila baada ya saa 8 hadi 12, wapeni makundi yote likiwemo la upasuaji wa bandia, kwa saa zile zile, mwandike.

6. Iba1 haisemi "imeamka". Iba1 ipo kwenye mikroglia iliyolala na iliyoamka, na ipo pia kwenye makrofaji zilizoingia kutoka kwenye damu. Idadi peke yake haitoshi. Ongezeni CD68, alama ya seli inayomeza mabaki, angalieni umbo, na kama jambo lenu ni kujua wageni na wenyeji, tumieni TMEM119 au P2RY12, alama za mikroglia wenyeji, mkikumbuka kwamba P2RY12 inashuka mikroglia ikiamka.

Vipande vya makundi yote viingie trei moja, siku moja, kingamwili kutoka mrija mmoja, na DAB (kemikali inayotoa rangi ya kahawia) dakika zile zile. Kundi la kontroli likipakwa Jumatatu na la sumu Alhamisi, tofauti utakayoiona ni ya Jumatatu na Alhamisi. Kabla ya hapo damu itoke yote: saline baridi mpaka ini liwe la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ndipo paraformaldehaidi 4%. Seli nyekundu zikibaki kwenye mishipa zinawaka kwenye DAB, na jicho changa linazihesabu kama mikroglia. Haidrojeni peroksaidi 3% kwa dakika 10 inapunguza tatizo, haifuti uzembe wa kusafisha.

Kwenye kuhesabu: kila kipande cha sita chenye unene wa mikromita 40, kwa stereolojia (njia ya kukadiria idadi nzima kwa sampuli zilizopangwa), na mhesabuji asijue kundi. TH ikipungua haimaanishi seli imekufa. Neva iliyoumwa inaweza kuacha tu kutengeneza TH. Pakeni NeuN au Nissl, zinazoonyesha neva hata zisizo na TH, kwenye mfuatano wa pili wa vipande. Na tafadhali sana: panya 5 wenye vipande 6 kila mmoja ni n ya 5. Si 30. Hili tumelisema kwenye kila utetezi wa tasnifu na tutaendelea kulisema.

7. Mambo ya hapa kwetu. Vitabu vya itifaki vimeandikwa kwa majengo yenye joto la nyuzi 22 mwaka mzima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14. MPTP inashusha joto la mwili wa panya mdogo kwa saa kadhaa baada ya sindano. Mkidunga jioni ya Julai kwenye chumba kisicho na hita, asubuhi mtaokota maiti, na waliobaki wametofautiana kwa baridi kuliko kwa dawa. Dungeni asubuhi, chumba kiwe nyuzi 22 hadi 24, na nusu ya kizimba iwe juu ya mkeka wa joto ili panya achague. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga na kuegeshwa nje ya kizimba zinafanya kazi ile ile. Wekeni jiko la gesi karibu na chumba, si ndani.

Kiangazi kinaleta ukavu. Unyevu ukishuka chini ya 40%, watoto wa panya wanapata mikunjo ya pete kwenye mkia, ncha inakuwa nyeusi na kukatika. Huo ni mwili wenye kidonda, na sitokini za damu hazijui kama kidonda ni cha mkiani. Beseni pana la maji na kitambaa kilicholowa mbele ya dirisha, na kipimaunyevu ukutani, vinatosha kuufikisha 45% au zaidi.

Maranda ya fundi seremala msiyachukue bila kuuliza ni ya mbao gani. Mbao za misonobari zina mafuta yanayochochea vimeng'enya vya ini, na mbao zilizopakwa dawa ya mchwa ni balaa zaidi. Yaliyo salama yapepeteni vumbi, myaoke.

Maji ya visima vyetu yana chumvi nyingi. Mkitengeneza bafa ya fosfati kwa maji hayo mtaona wingu jeupe chini ya chupa: ni kalsiamu na fosfati zimeshikana, na bafa yenu siyo tena ile iliyoandikwa kwenye daftari. Tumieni maji yaliyokenekwa (distilled) tu, hata kwa kuosha trei.

8. Jik. Mabaki ya MPTP yanaharibiwa kwa sodiamu haipokloraiti 1%. Waliotoka wodini wamezoea 0.5% na wanaipeleka huku kwa mazoea, haitoshi. Ikiwa lebo inasema 3.5%, changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 2.5 za maji, siku hiyo hiyo. Panya anaitoa MPTP kwa mkojo, kwa hiyo vizimba visiguswe kwa saa 72 baada ya sindano ya mwisho, kisha matandiko yaloweshwe kwanza ndipo yaondolewe. Glavu mbili, miwani, koti lisilotoka nje ya chumba, na mtu mwenye mimba asiingie. Sindano msiifunike tena kifuniko. Watu walioifundisha dunia somo la MPTP, wale vijana wa California waliojidunga heroini bandia yenye sumu hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipata Parkinson ya kudumu ndani ya siku chache, na hiyo ndiyo sumu iliyo mkononi mwako.

Mwisho, tishu. Msikate ubongo mkapaka vipande vyote siku moja. Gaweni mfuatano 6, pakeni miwili, mingine iwekeni kwenye mchanganyiko wa gliseroli 30%, ethilini glaikoli 30% na bafa ya fosfati 40%, nyuzi hasi 20. Mchanganyiko huo haugandi kwenye joto hilo, hivyo umeme ukikatika kwa muda wa saa 5 vipande havidhuriki, tofauti na sampuli za sitokini za hasi 80 ambazo lazima zihamishwe kwenye boksi la barafu kavu kabla friza haijapanda. Mtahini akiuliza NeuN iko wapi, au mtu akitaka kuona CD68 mwaka ujao, mtakuwa na cha kukata kiu yake bila kuua panya mwingine. Na namba ya panya iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachoingia ndani ya chupa, maana wino wa kalamu unafutwa na tone moja la ethanoli.